Barabara ya Kanisani, ramani yangu na lori za mama

Najua nimekuwa kimya kwa muda mrefu, na wengine wenu mmeniandikia barua pepe mkiuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa na jambo la aibu nikataka lipoe kwanza. Sasa limepoa kiasi, kwa hivyo leo hakuna mafunzo ya Linux wala uchambuzi wa simu mpya. Leo ni habari ya barabara, pesa za kaunti, na programu niliyoandika kwa mikono yangu ikamharibia jina mtu ambaye hakuwa na hatia.

Ilianza Aprili 2024, wakati wa ile mvua iliyoleta mafuriko karibu kila pembe ya Kenya. Kwetu nyumbani ni milimani, kwenye majani chai. Kama hujawahi kuishi huko, jua tu kwamba majani yakishachumwa yanatakiwa yafike kiwandani siku hiyo hiyo. Yakilala kwenye magunia yanapata joto, yanabadilika rangi, na kazi ya siku nzima inamwagwa. Sasa lori la kiwanda lilikwama kwenye tope mita mia chache kutoka kituo cha kupimia majani, na watu wakakaa pale na magunia yao mpaka usiku. Mama akanipigia simu Nairobi.

"Wewe si kazi yako ni kompyuta?" akaniuliza. "Basi iulize hiyo kompyuta yako pesa za hii barabara zilienda wapi."

Nilicheka. Halafu simu ilipokatika nikafungua kompyuta nikaanza kuuliza.

Wacha nirudi nyuma kidogo kwa wale ambao hawakufuatilia. Sisi tuliokwenda shule miaka ya tisini tulikua tukijua kwamba barabara hutoka Nairobi, kama mvua hutoka mbinguni. Kama eneo lenu halikuwa na mtu mkubwa serikalini, mlikanyaga tope. Baadaye pesa zikaanza kuteremshwa. Sheria ya LATF ya 1998 ilizipa manispaa na mabaraza ya wilaya asilimia 5 ya kodi ya mapato. Mwaka wa 2003 ikaja CDF, asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali, ikigawanywa katika maeneobunge ambayo wakati huo yalikuwa 210. Kisha Katiba ya 2010, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 tukapata kaunti 47, kila moja na gavana wake, bunge lake na bajeti yake. Katiba inasema kaunti zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Mwaka wa kwanza, 2013/14, mgao ulikuwa shilingi bilioni 190. Wa 2025/26 ni bilioni 415.

Upande wa barabara, Katiba iligawanya kazi kwa maneno machache tu: zile kuu ni za taifa, za kaunti ni za kaunti. Orodha iliyotoka katika gazeti rasmi la serikali mwaka wa 2016 ilihesabu takriban kilomita 161,000 nchi nzima, na zaidi ya 120,000 kati ya hizo ziliwekwa upande wa kaunti. Lakini ule ushuru tunaolipa kila tukinunua mafuta, ambao Julai 2024 ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita, bado hupitia kwa mashirika ya barabara ya serikali kuu. Ndiyo maana mwaka wa 2024 wabunge na magavana walifikishana mahakamani kuhusu bilioni 10.5 za ushuru huo. Wakati wakubwa wanavutana huko, barabara ya mama inabaki na tope lake, na hata ukitaka kulalamika hujui ulalamike wapi.

Turudi kwa kompyuta yangu. Nilipata bajeti za kaunti yetu za miaka mitatu kwenye tovuti yao (sitaitaja kaunti, mtaona kwa nini). Zote zilikuwa faili za PDF, na moja ilikuwa karatasi iliyoskaniwa ikiwa imeinama, kana kwamba aliyeiskani alikuwa anakimbilia matatu. Nilitumia wikendi mbili kuandika programu ya kusoma yale majedwali na kuyatoa kwa safu: jina la mradi, wadi, kiasi cha pesa. Nikachukua ramani ya OpenStreetMap, nikaweka kila barabara ya wadi yetu mahali pake. Kijani ni kazi iliyofanyika. Manjano ni haijulikani. Nyekundu ni pesa zimelipwa na kazi haipo.

Kwenye bajeti ya 2022/23 kulikuwa na mstari huu: ukarabati wa barabara ya Kanisani, shilingi milioni 3.8. Kwenye orodha nyingine ya kandarasi zilizotolewa nikakuta jina la kampuni iliyopewa kazi hiyo. Barabara ya mama inapita kanisani. Barabara ya mama ni tope. Nikaipaka nyekundu, nikaandika jina la kampuni na kiasi cha pesa, nikatuma kiungo cha ramani kwenye kundi la WhatsApp la wadi saa tatu usiku. Nikalala nikiwa na raha sana.

Asubuhi simu yangu ilikuwa na jumbe zaidi ya mia mbili. Nilipongezwa. Mtu mmoja alisema nigombee kiti. Kufikia jioni ramani ilikuwa imefika makundi ambayo hata siyajui, na kufikia Jumatano mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale sokoni alikuwa amemwambia mwanakandarasi yule kwamba hatamkopesha tena saruji wala mabomba. Nani atamkopesha mwizi?

Alhamisi mama akapiga. Hakuniuliza habari za Nairobi wala za watoto. "Mwanangu, umefanya nini? Mama yake tuko chama kimoja. Leo hakuja."

Makosa yangu yalikuwa mawili, na yote mawili ni ya kitoto kwa mtu anayelipwa kuandika programu.

La kwanza ni jina. Wadi yetu ina makanisa manne na barabara mbili ambazo watu huziita ya Kanisani, moja upande wetu na nyingine ng'ambo ya mto. Kijana yule alipewa ile ya ng'ambo, na aliimaliza Machi 2023, kalavati mbili na changarawe mpaka mwisho. Bajeti haikuwa na nambari ya barabara, wala mahali inapoanzia, wala inapoishia. Wanaotengeneza hifadhidata wanaujua ugonjwa huu. Ukitambua watu kwa majina badala ya nambari ya kitambulisho, siku moja utamfunga mtu asiyehusika. Kinachouma ni kwamba nambari zipo. Ule uainishaji wa 2016 ulizipa barabara nambari. Ila aliyeandika bajeti hakuzitumia, na mimi niliyesoma sikuuliza.

Kosa la pili ni baya zaidi, kwa sababu hapo hata jina lingekuwa sahihi bado ningekuwa nimedanganya. Niliona milioni 3.8 kwenye bajeti nikaandika "zimelipwa". Kumbe bajeti ni nia tu. Pesa ya kaunti ina safari ndefu. Bunge hupitisha sheria za mgao kila mwaka, kisha Hazina ya Taifa hutuma pesa kwa mafungu kwenye akaunti ya mapato ya kaunti, mara nyingi zikichelewa. Kaunti haiwezi kuzigusa mpaka Mdhibiti wa Bajeti aidhinishe zitolewe. Ndipo malipo hufanywa kupitia mfumo wa kompyuta unaoitwa IFMIS, na mwaka ukiisha Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hupitia vitabu. Kutengwa, kutolewa, kulipwa, kukaguliwa: hayo ni mambo manne, na kati ya la kwanza na la tatu panaweza kupita miaka. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo, lakini pesa zikichelewa kufika, mishahara hulipwa kwanza na mwanakandarasi husubiri. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti zina sehemu nzima ya madeni ambayo kaunti hazijalipa. Nilikuwa nazo kwenye kompyuta hiyo hiyo. Sikuzifungua kwa sababu zilikuwa ndefu.

Jumamosi nilipanda matatu nikaenda nyumbani. Nilimkuta yule kijana (yaani, kijana kama mimi, ana mvi tayari) akiwa amekaa kwenye lori lake bovu. Nilitarajia matusi. Akaniambia, "Ndugu yangu, mimi hiyo pesa sijaiona hata shilingi. Ni mwezi wa kumi na nne. Hili lori linataka kuuzwa na benki, halafu wewe unaniandika nimeila." Akanionyesha cheti cha kukamilisha kazi, kimetiwa sahihi na mhandisi, na nakala za barua tatu za kudai malipo.

Sikuwa na la kusema. Nilitoa ile alama nyekundu hapo hapo kwa simu, nikaandika radhi kwenye kundi la WhatsApp. Mnajua ilivyo. Shutuma ilisambazwa mara mia, radhi ikapata vidole gumba vinne.

Mzee wa kijiji ndiye aliyesema haitoshi. "Kijana, ulimtukana hadharani, basi utamwomba msamaha hadharani." Kwa hivyo katika baraza la Agosti nilisimama mbele ya chifu, msimamizi wa wadi, na watu kama sitini wanaonijua tangu nikiwa na kamasi, nikaeleza nilichofanya. Nimewahi kusimama kwenye mikutano ya wataalamu wa kompyuta nikaongea Kiingereza cha kujidai bila kutetemeka. Siku ile nilitetemeka.

Lakini kulitokea jambo pale. Nilipomaliza, mama mmoja aliuliza, na hakuniuliza mimi, alimuuliza msimamizi wa wadi: "Sasa kama ile ya ng'ambo ndiyo ya 2022, yetu ni ya lini?" Msimamizi akapekua karatasi zake. Ya kwetu ilikuwa imetengewa pesa 2023/24, hazikutolewa, ikasogezwa 2024/25. Akasema wazi, mbele ya watu, mwanakandarasi atapatikana na kazi itafanywa kiangazi. Ramani yangu haikuwahi kupata jibu hilo, na yeye alilikuta kwenye faili ya kadibodi kwa dakika mbili.

Niliporudi Nairobi nilisoma sana, safari hii nikisoma mpaka mwisho. Wengi wenu mtakumbuka kwamba Julai 2011 serikali ya Kenya ilizindua tovuti ya data huria, na sisi watu wa kompyuta tukashangilia kama tumeshinda kombe. Tulidhani data ikiwa wazi, basi. Mimi nilikuwa mmoja wa walioamini hivyo na nadhani nilikuwa nimebaki kuamini hivyo hadi mwaka wa 2024.

Jirani zetu Uganda walijifunza jambo kama hili mapema zaidi. Watafiti waliofuatilia ruzuku za serikali kwa shule za msingi kati ya 1991 na 1995 walikuta kwamba kwa wastani shule zilipata asilimia 13 tu ya zilichostahili. Nyingine ziliishia wilayani. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia 2001 pesa nyingi zaidi zilikuwa zikifika. Wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani cha mabadiliko hayo kilitokana na magazeti, maana kulikuwa na mageuzi mengine pia. Mimi nilivutiwa na ule ukuta. Mzazi anasoma nambari ya shule yake peke yake, shule anayoijua, na anaweza kuingia ndani kuuliza.

Na Mombasa je? Mwaka wa 2007 shirika la MUHURI lilifanya ukaguzi wa kijamii wa miradi ya CDF huko Changamwe. Walifuata mfano wa vyama vya wakulima na vibarua vya Rajasthan, India, ambako miaka ya tisini MKSS ilikuwa ikisoma vitabu vya malipo ya miradi kwa sauti mbele ya kijiji, na watu wakisikia majina ya waliolipwa walikuwa wakisema, huyu alishafariki, huyu hakufanya kazi hata siku moja. Kule Changamwe wananchi walifundishwa kusoma hati za mradi, wakaenda nazo mahali penyewe wakapima, kisha wakaita kikao cha hadhara. Katika hayo yote sijaona mahali programu ya kompyuta ilihitajika. Kilichohitajika ni ile hati inayoonyesha nini hasa kilinunuliwa, na mtu anayeishi pale.

Kwa barabara, hati hiyo ni ile wanakandarasi huiita BQ, inayoorodhesha urefu, upana, unene wa changarawe, idadi ya kalavati na bei ya kila kitu. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila Mkenya haki ya kuiomba, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Niliandika barua Novemba. Siku 21 zikapita kimya. Nilikuwa najiandaa kupeleka malalamiko kwa tume inayosimamia sheria hiyo, lakini mzee wa kijiji akasema nimwachie. Akaenda kwa msimamizi wa wadi na nakala ya barua yangu, wakanywa chai, akarudi na kurasa tatu za fotokopi. Sijui nisifu sheria au chai.

BQ ya barabara yetu ilisema: kilomita 1.2, upana mita 5, changarawe unene wa sentimita 15. Hapo hesabu ya shule ya msingi inatosha. Mita 1,200 mara 5 mara 0.15 ni mita za ujazo 900. Lori lililokuwa linatumika kule hubeba mita za ujazo 10. Kwa hivyo lori 90, na hiyo ni hesabu ya upole, maana changarawe ikishindiliwa hupungua na kwa kweli zingehitajika zaidi. Nilimwambia mama kwa simu, "Mama, lori tisini." Akanyamaza kidogo. "Tisini? Sawa."

Kazi ilianza Februari 2025, mwanakandarasi akiwa mwingine kabisa. Greda ilipita, kisha lori zikaanza. Kibanda cha mama cha kuuza mboga kinatazama njia panda, na hakuna lori linaloweza kupita bila yeye kuliona. Aliweka kopo la mafuta ya kupikia na vizibo vya soda, kila lori kizibo kimoja. Akienda nyumbani kupika, jirani yake wa kibanda anashika kopo. Nilimwambia ninaweza kumtengenezea programu ya simu ya kuhesabu, abonyeze tu. Akaniuliza vizibo vina shida gani.

Lori zikaacha kuja. Vizibo vilikuwa 61.

Mzee wa kijiji na vijana wawili wa bodaboda wakachimba vishimo vitano barabarani wakapima kwa rula ya shule. Karibu vyote vilionyesha sentimita 10. Nikapiga hesabu upande wa pili: lori 61 ni mita za ujazo 610, ukizitandaza kwenye kilomita 1.2 kwa upana wa mita 5 unapata sentimita 10 na kidogo. Kopo la mama na rula vilikubaliana. Safari hii sikuchora ramani wala sikutuma chochote kwa WhatsApp. Waliandika barua ya ukurasa mmoja, wakaambatanisha BQ na vipimo, bila kumwita mtu yeyote mwizi, wakaomba mhandisi aje apime mwenyewe kabla ya kutia sahihi cheti cha kukamilisha. Mhandisi alikuja baada ya siku tisa. Alichimba vyake. Hakusema mengi.

Wiki iliyofuata lori zilirudi. Kopo likafika 88, greda na mashine ya kushindilia zikapita tena, na cheti kikatiwa sahihi mwezi wa Machi, wiki chache kabla ya mvua.

Yule kijana wa ng'ambo alilipwa sehemu ya deni lake Juni 2025, mwisho wa mwaka wa fedha. Sehemu tu. Lori lake lilikuwa limeshauzwa. Mama zetu wamerudi kuongea, na ile ramani nimeizima. Programu ya kusoma PDF bado ninayo, nami nimeibadilisha isiandike kiasi chochote bila kusema kama kimetengwa, kimetolewa au kimelipwa. Anayeitaka aniandikie, nitamtumia bure.

Kuhusu zile lori mbili zilizopungua, niliuliza nilipokwenda Pasaka. Mama anasema huenda zilipita Jumapili akiwa kanisani. Jirani yake anasema Jumapili yeye alikuwa kibandani na hakuna lori lililopita. Wameniambia nisiingilie.